Simu Iliyolazwa Kifudifudi

Mume yuko bafuni. Simu yake iko kitandani, imelazwa kifudifudi, inatetemeka. Mke anaingia na nguo alizotoka kuzianua, anasimama, anaitazama. Mtazamaji anajua kitakachofuata, maana ameshakiona kwenye vipindi vya televisheni vya Nairobi, kwenye vichekesho vya Dar es Salaam na kwenye vile vipande vya dakika mbili vinavyozunguka WhatsApp. Jina linalosomeka kwenye kioo ni Fundi Bomba. Ni saa tano usiku. Mke anapokea, na upande wa pili inasikika sauti ya mwanamke, laini, inauliza kama anakuja au haji. Bafuni maji yanakatika. Sisi tunacheka.

Nami nacheka. Waigizaji wetu wanalimudu tukio hili: ule ukimya kabla mume hajatokeza na taulo, jinsi mke anavyoishika simu kwa vidole viwili tu, majibu ya mume yanayozidi kumzamisha. Lakini kadiri ninavyoliona likirudiwa ndivyo linavyoninyima raha. Simu ya kichekesho ikifunguliwa hutoa kitu kimoja, nacho ni mchepuko. Na anayeifungua hakosei kamwe. Sijawahi kuona siku ambayo mke amepokea akakuta kweli ni fundi bomba, amepiga kuulizia hela yake ya juzi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1951, televisheni ikiwa bado ngeni sebuleni hata huko Marekani, kipindi cha I Love Lucy kilionyesha kisa ambacho Lucy, kichwa kikiwa kimejaa riwaya ya mauaji anayoisoma, anamsikia mumewe Ricky akizungumza kwenye simu. Anasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Ricky anaongea na wakala wake juu ya kumwondoa mwimbaji kwenye onyesho lake. Lucy anaelewa kwamba anayetakiwa kuondolewa ni yeye, tena duniani. Kuanzia hapo kila analofanya mume linageuka ushahidi. Anapomtilia dawa ya usingizi kwenye kinywaji ili mkewe atulie, Lucy anaamini amenyweshwa sumu. Mtazamaji anaujua ukweli wote, na kicheko kinatoka hapo: tunamcheka mtu aliyesikia nusu ya maneno akajitungia nusu iliyobaki.

Februari 1997, kwenye kipindi cha Friends, jambo hilohilo lilirudi na safari hii liliuma. Ross na Rachel wamegombana usiku wa kuadhimisha mwaka mmoja wa mapenzi yao. Ross anapiga simu wapatane. Nyumbani kwa Rachel amekuja Mark, mwanamume ambaye Ross amekuwa akimwonea wivu kwa muda, amekuja kumliwaza baada ya ugomvi. Ross anaisikia sauti yake kwenye simu. Anakata, na usiku uleule analala na mwanamke mwingine. Rachel hakuwa amefanya lolote. Sauti aliyoisikia Ross ilikuwa ya Mark kweli, hakudanganywa na simu. Alichokosea ni maana ya ile sauti, na kwa sababu ya maana hiyo akafanya yeye mwenyewe kile alichomdhania mwenzake. Watazamaji wa kipindi hicho walibishana kwa miaka kuhusu nani alikuwa na haki. Mimi husimama palepale kwenye simu. Angebaki kwenye laini akauliza, "Mark anafanya nini hapo?", angejibiwa.

Katika visa hivi viwili mwenye shaka ndiye aliyepotea. Katika vichekesho vya leo mwenye shaka ndiye pekee anayeona. Nadhani sababu moja ni ya kawaida kabisa: muda. Kutoelewana kunahitaji kujengwa. Lazima tuone kilichosemwa, tuone kilichosikika, tuone pengo kati yake likipanuka, na hayo yanataka nusu saa ya kipindi. Kipande cha dakika mbili hakina nafasi hiyo. Usaliti unahitaji jina moja kwenye kioo na uso mmoja wa mke. Sababu nyingine ni simu yenyewe. Maneno ya Ricky yaliyeyuka alipoweka mkonga chini; meseji inabaki, ina saa na dakika, inaweza kupigwa picha na kutumwa kwa dada wa mume. Mwandishi wa vichekesho amepewa ushahidi uliokwisha andikwa, na ni nani atakayejisumbua kutunga kosa la kusikia?

Kipindi kilichonifundisha zaidi juu ya siri za ndoa hakikuhitaji simu. Ni Papa Shirandula wa Citizen TV. Papa, aliyeigizwa na Charles Bukeko mpaka alipofariki Julai 2020, ni mlinzi wa getini. Asubuhi anatoka nyumbani na suti. Akifika kazini anaivua, anavaa sare ya ulinzi, na jioni anarudi kwa Wilbroda na ile suti yake. Wilbroda, ambaye Jacqueline Nyaminde alimpa ukali na upendo kwa pamoja, anajua mume wake ana kazi ya ofisini. Uongo huo mmoja ulikibeba kipindi miaka mingi, na hapakuwa na mwanamke mwingine ndani yake. Papa alificha mshahara wake. Alificha rungu na geti. Alimwogopa mtu ambaye heshima yake aliihitaji kuliko heshima ya ulimwengu mzima, akaona bora aishi kwa kubadilisha nguo kuliko kuiona heshima hiyo ikishuka machoni mwa mkewe. Nasi tuliokuwa tukitazama, tulifanya jambo ambalo hatulifanyi kwa mume wa bafuni: tulimwombea asibambwe.

Leo suti ya Papa ingekuwa ndani ya simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na tangu hapo kila shilingi inayotoka huacha ujumbe wenye jina la aliyepokea, kiasi, tarehe, saa na salio lililobaki. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, mtu akaweza kukopa akiwa amelala kitandani, mwenzake ubavuni hajui. Januari 2019 ikaja Fuliza, ya kumalizia malipo hata salio likiwa limekauka. Tanzania kuna Songesha ya namna hiyohiyo, na kuna ile mikopo ya mtandaoni ambayo watu wameifananisha na kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba ya kuumiza. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hadharani programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Namna nyingi kati ya hizo zilivyofanya kazi inajulikana kwa yeyote aliyewahi kuguswa. Ukiipakua, inaomba ruhusa ya kuona namba zote ulizohifadhi. Ukichelewa kulipa, wanaanza kupigiwa simu wengine: shemeji, bosi, jirani, mwalimu wa mtoto. Mke anapigiwa na mtu asiyemfahamu, anaambiwa mume wake ni tapeli amwambie alipe kabla ya saa sita. Siri ya simu imemfikia na wala hajaigusa simu yenyewe.

Ndiyo maana siamini kwamba mume wa Buguruni au wa Kayole anapoigeuza simu yake kifudifudi, lazima anaficha mwanamke. Wapo wanaoficha mwanamke, na ni wengi, sikatai. Lakini wengine wanaficha mkeka uliochanika Jumamosi, hela ya ada iliyokwenda kwenye ubashiri wa mpira. Wengine wanaficha ujumbe wa mama kijijini anayeomba hela ya dawa kwa mara ya tatu mwezi huu, kwa kuwa nyumbani palishasemwa maneno kuhusu huyo mama. Kuna barua pepe za kazi zilizosema samahani. Kuna majibu ya kipimo. Kichekesho chetu kimeinyang'anya simu siri zote hizo, kikaiachia moja, halafu sisi tunarudi nyumbani na kutazamana kwa macho ya kichekesho.

Niliwahi kuliona hili likitokea mbele yangu. Nilikuwa kwenye basi la Tanga, tumeshapita Chalinze, na kwenye runinga iliyo juu ya dereva palikuwa na kichekesho cha wanandoa. Mume amelala fofofo. Mke anakishika kidole gumba cha mume polepole, anakipeleka kwenye simu, anakibonyeza. Ndani ya basi akina mama wakaanza kushangilia, "Fungua! Fungua!" Wakati huohuo simu ya kijana aliyekaa siti ya mbele yangu ikaita. Akaitazama, akaikata sauti, akairudisha mfukoni. Mama mmoja wa upande wa pili akasema kwa nguvu, "Na huyu naye!" Basi zima likaangua kicheko. Kijana akageuka nusu, akatabasamu kwa shida, akasema, "Ni kazini, mama." Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Dada aliyekaa naye, sijui alikuwa mke au mchumba, akageuza uso dirishani, na mpaka tunafika Segera sikumsikia akimsemesha.

Huenda ilikuwa kazini. Huenda haikuwa. Kinachonigusa ni kwamba kijana alijitetea mbele ya watu asiowajua kwa kosa la kutopokea simu, na dada aliyekuwa karibu naye alipewa shaka ambayo hakupanda nayo.

Katika kazi zote za kuchekesha nilizoziona juu ya jambo hili, iliyolifikia mbali zaidi ni filamu ya Italia, Perfetti sconosciuti ya Paolo Genovese, iliyotoka 2016 na kuigizwa upya katika nchi nyingi hata ikaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Toleo lake la Kiarabu lilipowekwa Netflix Januari 2022 lilizua kelele kubwa Misri. Marafiki saba wanakula pamoja usiku mmoja, wanakubaliana kuweka simu zao mezani: kila meseji itasomwa kwa sauti, kila simu itapokelewa kwenye spika. Mtazamaji anaketi kusubiri michepuko, na michepuko inakuja. Lakini tukio ambalo sijalisahau ni simu ya binti.

Rocco na Eva ndio wenyeji wa karamu. Mapema jioni Eva amepekua mkoba wa binti yao wa miaka kumi na saba akakuta kondomu, na wamegombana. Sasa, chakula kikiwa mezani na wageni wote wakisikiliza, binti anampigia baba yake. Hajui kwamba yuko kwenye spika. Anamweleza kwamba kijana wake amemwalika alale kwake, wazazi wa kijana hawapo, na yeye hajui la kufanya. Anasema pia kwamba mambo haya hawezi kumwambia mama. Rocco ana nafasi ya kukata, hakati. Anamjibu mwanawe mbele ya watu wazima sita kana kwamba wamebaki wawili peke yao duniani: kwamba asiende kwa kuogopa kumuudhi kijana, kwamba siku ya namna hiyo mtu huikumbuka maisha yake yote, basi aende tu akiwa ataikumbuka kwa furaha. Eva yuko palepale mezani. Aliyepekua mkoba alipata kondomu. Ambaye hakupekua aliambiwa habari nzima, na tangu mwanzo yeye ndiye aliyempa mtoto kondomu hizo.

Nalileta tukio hili kwa sababu linaonyesha kitu ambacho vichekesho vyetu havijakigusa. Yaliyomo ndani ya simu ya mtu si yake peke yake. Mdogo wake amemwandikia kuhusu mimba iliyoharibika. Rafiki yake amemwambia anatumia dawa za kufubaza virusi, na hajamwambia mtu mwingine. Mfanyakazi mwenzake amelia kwenye sauti ya dakika nne. Watu hawa walimwamini yeye. Hawakumwamini mume wake, wala mke wake anayeshiriki paswedi. Ndoa inawapa wawili haki nyingi juu ya kila mmoja wao, lakini sioni namna inavyoweza kumpa mtu haki juu ya machozi ya shemeji yake.

Sheria zetu haziko mbali na hilo. Katiba ya Tanzania katika ibara ya 16 na ya Kenya katika ibara ya 31 zinayahifadhi mawasiliano ya mtu, na hazisemi hifadhi hiyo inakoma siku ya harusi. Waislamu wanaikuta nasaha ya zamani zaidi katika sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inayokataza mambo matatu kwa mfuatano: kwanza dhana nyingi, kisha kuchunguzana, kisha kusengenyana. Mfuatano huo kila mtu wa mtaani anaujua kwa macho. Shaka inaanza kitandani, upekuzi unafanyika usiku, na asubuhi picha ya meseji iko kwenye kundi la familia.

Hata hivyo sitaki kumhukumu anayeishika simu ya mwenzake saa nane za usiku huku mikono ikimtetemeka. Kuna wanawake walioletewa Ukimwi ndani ya ndoa zao wenyewe, na kampeni zilizowahi kutangazwa kwenye televisheni za Kenya na Tanzania juu ya mpango wa kando na michepuko zilizaliwa na maziko ya kweli. Mwanamke aliyeuliza mara tano akajibiwa kwa matusi, akaamua kujionea mwenyewe, hanichekeshi, na wala simwiti mpelelezi. Anatafuta kujua kama maisha yake yako salama. Vichekesho vinamtumia huyu kila siku, vinamfunga kitenge kiunoni na kumpa mwiko mkononi, lakini havimpi hata mara moja ile hofu yenyewe.

Tena vinamtumia upande mmoja. Anayepekua na kupiga kelele huwa ni mke, anayekimbizwa na taulo ni mume, na hapo panachekesha kwa sababu tunajua taulo litaanguka na maisha yataendelea. Ukigeuza, mume ndiye anayesoma meseji za mke, mwandishi mwenye busara anajua kicheko kitakwama kooni. Tunasoma habari za mahakamani ambazo ugomvi wake ulianzia kwenye simu na ukaishia kaburini. Januari 27, 2024 maelfu ya wanawake wa Kenya waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Sisemi vichekesho vimemuua mtu. Nasema vimetuzoesha kuamini kwamba simu ikifungwa kuna hatia ndani yake, na imani hiyo haina uzito sawa mikononi mwa kila mtu.

Kuna wanandoa ambao kila mmoja anaijua namba ya siri ya mwenzake na hawaangaliani simu. Nimewauliza baadhi yao ilianzaje, na karibu wote wananiambia habari ya ajali, ya ugonjwa, ya usiku ambao mmoja alikuwa hospitali na mwingine alihitaji kutuma hela. Namba ilitolewa kwa shida, ikabaki kwa mazoea. Vijijini wako wazee ambao hawajawahi kuwa na faragha ya simu kabisa, kwa kuwa mjukuu ndiye anayewasomea meseji, kwa sauti, barazani, mchumba wa zamani akituma salamu za Idi nyumba nzima inasikia. Sijaona kwamba ndoa za wazee hao zina uaminifu zaidi. Ninachokiona ni kwamba wamezoea kuulizana.

Na hapo ndipo kichekesho cha simu kinapokimbia. Mke akimsubiri mume atoke bafuni, akamwambia, "Baba Asha, Fundi Bomba amepiga saa tano, ni nani?", kipindi kinakwisha, hakuna tena cha kukimbizana. Ndiyo maana hawaulizi. Lakini siamini kwamba swali linaua kicheko. Linaua kicheko rahisi. Ningewaomba waandishi wetu wajaribu mara moja: mke aulize, mume asimame na taulo lake, na jina lile liwe la mkopeshaji. Mume aanze kusema ni deni la rafiki. Mke achukue kalamu ya mtoto ahesabu riba nyuma ya daftari la hesabu, na kila anapohesabu rafiki azidi kuwa maskini. Waigizaji wa kulibeba tukio hilo tunao, Nairobi wapo na Dar es Salaam wapo, na watazamaji watacheka huku wakijitambua. Mwandishi asisahau tu kwamba mke naye ana simu. Imelala kabatini chini ya kanga, haina paswedi, na humo mna kikoba cha miaka saba ambacho mume hajawahi kukisikia, chenye hela ya kulipa deni lote na kubaki.